Wonderful Tonight: tunaufungulia muziki harusini, kumbe bibie alikuwa bado mke wa mtu

Santuri_Mbovu

Wakuu, heshima yenu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Morogoro kwenye harusi ya binamu yangu. Ukafika ule muda wa maharusi kufungua muziki. Taa zikapunguzwa, mpiga picha akapanda juu ya kiti, DJ akaachia Wonderful Tonight ya Eric Clapton. Nilikaa meza moja na shangazi yangu, mama wa miaka sabini na ushee, Kiingereza wala hakimhusu. Akanivuta shati: "Huyu mzungu anasemaje?"

Nikaanza kumtafsiria sikioni. Ubeti wa kwanza, mwanamke anahangaika avae nini, anajipodoa, anachana nywele, anamuuliza mwenzake kama amependeza. Shangazi akatabasamu. Ubeti wa pili, wamefika kwenye sherehe, kila mtu anageuka kumtazama bibie. Shangazi akaitikia kwa kichwa, mambo hayo. Ubeti wa tatu, muda wa kurudi nyumbani umefika, jamaa kichwa kinamgonga, anamkabidhi bibie funguo za gari, na bibie ndiye anayemsaidia kufika kitandani.

Shangazi akaitua chupa ya soda mezani. "Kumbe mlevi! Na nyie mnampigia vigelegele."

Wakuu, wimbo huu nimeusikia zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuusikia hivyo. Nimerudi nyumbani nikasema huu mkasa lazima niuanzishie uzi, maana nyuma yake kuna nyimbo tatu, magwiji wawili wa gitaa na mwanamke mmoja. Nitauleta kwa vipande, niko kazini.

Chalii_wa_Kona

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu, usituache njiani kama wale wa "itaendelea" halafu mtu anapotea miaka miwili.

Santuri_Mbovu

Sipotei, Chalii. Twende.

Mwanamke anaitwa Pattie Boyd, kazaliwa Uingereza mwaka 1944. Mwanzoni mwa miaka ya 60 alikuwa mwanamitindo London, zile enzi za sketi fupi na macho yaliyopakwa wanja mzito. Mwaka 1964 akapata kazi ndogo kwenye filamu ya kwanza ya lile kundi la muziki la Beatles, A Hard Day's Night. Anacheza kama mwanafunzi kwenye treni, neno lake ni moja tu kwenye filamu nzima. Lakini humo ndimo alimokutana na George Harrison, yule Beatle mkimya, mpiga solo. Januari 1966 wakafunga ndoa, bomani tu, bila makuu.

Mwaka 1969 George akatoa Something kwenye albamu ya Abbey Road. Pattie anasema George alimwambia kabisa kwamba ameutunga kwa ajili yake. George mwenyewe baadaye alikuja kusema alipokuwa akiutunga alikuwa akimuwaza Ray Charles anavyoimba. Wanaume bwana. Mwimbaji Frank Sinatra aliupenda wimbo huo kupita maelezo, ila jukwaani alikuwa akiwapa sifa Lennon na McCartney, wenzake George kwenye Beatles, George kaachwa kwenye mataa.

Sasa ingiza Clapton. Huyu alikuwa rafiki wa George wa damu. Solo ya gitaa inayolia kwenye While My Guitar Gently Weeps ya Beatles, ile ni mikono ya Clapton, Septemba 1968, kaitwa na George mwenyewe. Na Here Comes the Sun, George aliutunga bustanini kwa Clapton siku aliyokwepa mikutano ya biashara ya Beatles. Walikuwa wanaingiliana nyumbani bila kubisha hodi.

Hapo ndipo Clapton alipomtazama shemeji yake na moyo ukapata ajali.

Mpwa_wa_Kinondoni

Mke wa mtu sumu. Wazee walishasema, sisi tunaona ni maandishi ya nyuma ya daladala.

Santuri_Mbovu

Mwaka 1970 Pattie anapokea barua nyumbani. Maandishi madogo madogo, hakuna herufi kubwa, imesainiwa kwa herufi moja tu, "e". Inamuuliza kama bado anampenda mumewe. Akadhani ni shabiki kichaa, kwa Beatles walikuwa wanapata barua za hivyo kila leo, akawaonyesha watu waliokuwepo, wakacheka. Jioni simu inaita. Clapton. "Ulipata barua yangu?"

Kisha Clapton akamwita kwenye nyumba moja South Kensington, akawasha tepu, akamsikilizisha wimbo mpya mara mbili tatu huku anamkazia macho aone uso wake unasemaje. Wimbo ulikuwa Layla. Pattie ameandika kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa: Mungu wangu, kila mtu atajua ni mimi.

Usiku wa siku hiyohiyo kukawa na sherehe kwa meneja wa Clapton. George kachelewa, anafika anawakuta wawili hao nje, bustanini. Anauliza kuna nini. Clapton anamjibu usoni kwamba anampenda mke wake. Hebu jiweke hapo. George akamgeukia mkewe: unaondoka na mimi au unabaki na yeye? Pattie akapanda gari la mumewe.

Clapton akajifungia ndani na heroini kwa miaka kama mitatu. Albamu yenyewe, ya kundi aliloliita Derek and the Dominos, ilitoka Novemba 1970 na haikushtua mtu. Layla ulikuja kupanda chati mwaka 1972, ambapo Duane Allman, aliyepiga lile gitaa la kuteleza linalopiga kelele juu, alikuwa ameshakufa kwa ajali ya pikipiki.

Bi_Shangani

Kaka Santuri, ahsante kwa uzi, lakini hapo umepita haraka mno. Jina Layla limetoka wapi? Mie ndo napotaka uweke kituo.

Ni Laila wetu huyuhuyu wa Laila na Majnun. Sisi Unguja hadithi hii tumelelewa nayo, na neno majinuni tunalitumia mpaka leo kwa mtu aliyepotewa na akili. Qays kampenda Laila tangu utotoni, baba mtu kakataa, Laila kaolewa na mwengine, Qays akakimbilia jangwani akaishi na wanyama, kazi yake kutunga mashairi tu. Waarabu walikuwa nayo zamani, kisha Nizami wa Ganja, nchi inayoitwa Azerbaijan sasa, akaiandika kwa Kifursi mwaka 1188.

Na kitabu hicho Clapton alipewa na nani? Na Mskoti mmoja aitwaye Ian Dallas, ambaye mwaka 1967 alisilimu kule Fez, Moroko. Huyo ndo baadae akajulikana duniani kama Sheikh Abdalqadir as-Sufi, mkuu wa harakati ya Kiislamu ya Murabitun, akafariki Cape Town mwaka 2021. Wengi wanaosoma vitabu vya sheikh hawajui kwamba mkono wake umo kwenye Layla. Na kwenye albamu hiyohiyo kuna wimbo mwengine, I Am Yours, Nizami ameandikwa kabisa kama mtunzi mwenza, zaidi ya miaka mia saba baada ya kufa!

Ila tofauti ipo moja. Majnun hakumpata Laila. Clapton alimpata.

Santuri_Mbovu

Bi Shangani, nimevua kofia. Hilo la Dallas nililijua nusunusu, la kwamba ndiye Abdalqadir sikulijua kabisa.

Na umenisogezea mahali pazuri. Kweli alimpata. Ndoa ya George ilikuwa imeoza kwa ndani. George hakuwa malaika, Pattie ameandika kwamba alikuwa na uhusiano hata na mke wa Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles. Mwaka 1974 Pattie akafungasha, akaenda kwa Clapton. Heroini jamaa alikuwa ameacha. Alikuwa amehamia kwenye chupa.

Nyuzi_Sita

Wakati Santuri anavuta pumzi, mimi niwaongezee la kiufundi. Napiga kwenye bendi ya hoteli za ufukweni huku Pwani, wimbo huu nimeupiga mara ambazo sihesabu tena. Kwa mtu anayejifunza gitaa ni zawadi: G, D, C, D, unarudi, unarudi. Mtoto wa wiki mbili anaukamata.

Kinachowashinda wengi ni ule utangulizi. Noti chache mno. Unausukuma uzi juu kwa kidole cha tatu mpaka noti ipande, unaushikilia hapo kidogo, unauachia taratibu. Vijana wanakuja na spidi zao wanataka kujaza nafasi. Hapana. Ile nafasi kati ya noti na noti ndiyo wimbo wenyewe. Ukiharakisha inakuwa tangazo la redio. Clapton alipewa jina la Slowhand, mkono wa polepole, na ndilo jina la albamu yenye wimbo huu, 1977.

Ubeti wa tatu mimi nimeuimba miaka kumi na moja nikiwaangalia watalii wamekumbatiana. Shangazi yako kauelewa siku moja.

Nakuru_Damu

Salamu kutoka upande huu wa mpaka. Mmesahau jambo moja, Pattie ni wetu kidogo! Familia yake ilihamia Kenya mwaka 1948, akakulia huku mpaka mapema miaka ya 50, na shule ya bweni alisomea hapa Nakuru. Kwa hivyo huyo Layla wenu amekula vumbi letu.

Ingine: kwa albamu hiyo ya Slowhand kuna wimbo unaitwa We're All the Way, na aliyeutunga ni Don Williams. Yeyote aliyekulia Kenya na redio ya baba Jumapili asubuhi anajua Don Williams ni nani nyumbani. Ukishajua hilo ukirudi kusikiliza Wonderful Tonight utasikia ile kantri polepole imejificha mle ndani.

Santuri_Mbovu

Wakenya hamkosi ndugu popote! Haya, sasa tuingie jioni yenyewe.

Ni tarehe 7 Septemba 1976. Paul McCartney na mkewe Linda wameandaa sherehe ya kumuenzi Buddy Holly, yule Mmarekani wa rock and roll, aliyezaliwa tarehe hiyo mwaka 1936. Clapton ameshavaa, yuko tayari, anasubiri. Pattie yuko juu anajaribu gauni hili, analivua, anajaribu lile. Kila mwanaume aliyewahi kukaa sebuleni na funguo mkononi anaijua hali hii.

Sasa, kuna vitabu viwili. Wote waliandika maisha yao, na vyote vilitoka 2007, kwa hiyo unaweza ukakaa na ndoa moja kwenye majalada mawili ukayasikiliza kama hakimu wa Mahakama ya Mwanzo.

Toleo la mume: alipanda juu akamwambia umependeza, basi, tafadhali usibadilishe tena, tunachelewa. Akashuka, akachukua gitaa kupoteza muda, na Pattie aliposhuka wimbo ulikuwa umeshaiva. Kwa maneno yake mwenyewe halikuwa jambo kubwa, aliutunga akiwa na hasira za kusubiri, na angeweza hata kuutupa. Yaani lile neno la kusifia, wakuu, lilikuwa la kumharakisha mtu! Ni ile ya kwetu ya "umependeza bwana, twende."

Toleo la mke: alikuwa na wasiwasi na nywele, na nguo, na kila kitu, akashuka ngazi akijua anakwenda kusemwa. Badala yake akaambiwa: hebu sikiliza hii.

Mimi nasimama na Pattie hapa. Ukisoma ule mstari wa kushuka ngazi akitegemea kufokewa, unapata nyumba nzima kwa sentensi moja. Mtu aliyezoea maneno matamu hashuki ngazi hivyo.

Na kisheria jioni hiyo alikuwa bado Bi Harrison. Talaka ilitoka Juni 1977.

Mpinga_Mkumbo

Samahani nawaharibia sherehe. Mnamsifia huyu mtu, mnajua alichofanya mwezi mmoja kabla ya jioni hiyo? Tarehe 5 Agosti 1976, Birmingham, jukwaani, amelewa, aliwaambia mashabiki kwamba wageni waondoke Uingereza, nchi ibaki ya weupe, na wamuunge mkono Enoch Powell, mwanasiasa aliyepinga wahamiaji. Mtu ambaye jina lake lote limejengwa juu ya bluzi za watu weusi! Na mwaka 1974 alishika namba moja Marekani kwa wimbo wa Bob Marley, I Shot the Sheriff. Kelele zake zile ndizo zilizowafanya watu waanzishe harakati za Rock Against Racism, yaani rock dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mimi wimbo wake harusini kwangu haukupigwa na hautapigwa kwa wanangu.

Nakuru_Damu

Ni kweli tupu. Na Powell huyo ndiye aliyekuwa anawasha moto mwaka 1968, wakati Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walikuwa wanakimbilia huko. Kwa hivyo haikuwa siasa ya mbali kwetu.

Mpwa_wa_Kinondoni

Mkumbo, tukianza kupekua mafaili ya watunzi tutabaki na kwaya tu. Na kwaya nazo...

Santuri_Mbovu

Mpinga, siwezi kukubishia na wala sikusudii. Alikuja kuomba radhi baadaye sana, akasema anajionea aibu, kwamba enzi zile za pombe alikuwa nusu mbaguzi. Kila mtu aipime mwenyewe. Ila angalia kalenda ulivyoiweka: mlevi wa Birmingham wa Agosti na mtunzi wa Septemba ni mtu mmoja, na ule ubeti wa tatu hautoki hewani. Watu wanadhani kichwa kinachouma ni uchovu wa sherehe.

Nimalizie.

Machi 1979 wakaoana Tucson, Arizona. Mei wakafanya sherehe nyumbani Uingereza, na mgeni mmojawapo ni George Harrison! Akapanda kupiga na Paul na Ringo, Beatles watatu kwenye hema la harusi ya mke wa zamani wa mmoja wao. George na Clapton walishafika mahali pa kutaniana kwamba wao ni waume wenza. Mimi nimejaribu kuliwaza hilo kwa ukoo wetu, nimeshindwa. Kwetu wangeitwa wazee.

Clapton akaendelea kunywa. Pattie akatamani mtoto, akahangaika hospitali miaka, hakujaliwa. Mumewe akapata watoto wawili nje, kwa wanawake wawili tofauti, 1985 na 1986. Pattie akaondoka, talaka 1989. Ameandika kwamba baada ya hapo wimbo ule ulikuwa ukimchana moyo kila aliposikia, na utausikiaje usiusikie, uko kwenye kila lifti na kila harusi.

Chalii_wa_Kona

Hao watoto ndio yule aliyeanguka ghorofani?

Santuri_Mbovu

Ndiye. Conor, miaka minne, Machi 1991, New York, ghorofa ya 53. Tears in Heaven ni wake. Huo siuchambui, wenye watoto watanielewa.

Bi_Shangani

Allah amrehemu. Na huyo George?

Santuri_Mbovu

George alifariki Novemba 2001. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyohiyo, Clapton ndiye aliyesimamia muziki wa tamasha la kumkumbuka pale Royal Albert Hall. Paul McCartney akaanza Something na kale kagitaa kadogo ka nyuzi nne alikokapenda George, kisha Clapton akapokea. Tafuteni video. Anauimba wimbo aliotungiwa mwanamke ambaye yeye ndiye aliyemchukua, kwenye kumbukumbu ya mwenye wimbo. Uso wake mle ndani mimi nimeshindwa kuusoma.

Pattie yuko hai. Mwaka 2024 aliamua kupunguza mizigo, akapeleka mnadani Christie's, London, barua zile za "e" pamoja na mchoro uliotumika kwenye jalada la Layla, ambao George ndiye aliyempa. Mchoro peke yake ulienda kwa karibu pauni milioni 2.

Mpwa_wa_Kinondoni

Pauni milioni mbili! Basi sumu nayo ina soko.

Bwana_Mtarajiwa

Wakuu, naomba ushauri, sitanii. Mimi naoa Desemba, kamati imeshakaa, DJ kashapewa orodha na namba moja ni Wonderful Tonight. Mchumba wangu ndiye aliyeuchagua, ni wimbo wa baba na mama yake. Nimemsomea uzi huu jana usiku, kanyamaza kama dakika nzima, halafu ananiuliza: "Kwani wewe utakunywa?"

Bi_Shangani

Na ulimjibu vipi?

Bwana_Mtarajiwa

Nilimwambia kidogo.

Chalii_wa_Kona

Hahahaha! Kidogo! Mkuu, ulikuwa unavuka salama kabisa.

Mpinga_Mkumbo

Badilisha wimbo.

Nakuru_Damu

Usibadilishe. Ni wimbo wa wazazi wake, Clapton hapo hayupo tena. Mwambie DJ aukate baada ya ubeti wa pili, hakuna mtu ukumbini atajua.

Santuri_Mbovu

Shangazi yangu atajua.

Nyuzi_Sita

Kukata haiwezekani, solo ya mwisho ndiyo tamu. Mtarajiwa, cha kufanya, funguo za gari mpe bibi harusi mapema kabisa, kabla ya keki.

Niwaage, naingia jukwaani saa 2 na bado sijafunga nyuzi mpya. Kuna meza ya wazee wawili wa Kijerumani, wanasherehekea miaka arobaini ya ndoa, wameshaleta kikaratasi cha ombi. Bia iko upande wa babu, funguo za gari la kukodi ziko upande wa bibi. Sina haja ya kukifungua.